Jacques-Henri Lartigue, Mtoto Aliyezitunza Motokaa za Kwanza Katika Picha

Iko picha moja ya motokaa ambayo huenda msomaji amekwisha kuiona katika kitabu au gazeti bila ya kulijua jina la aliyeipiga. Motokaa ya mashindano yenye nambari 6 inapita kwa kasi mbele ya watazamaji, na ndani yake wamo watu wawili, dereva na fundi wake. Gurudumu lake la nyuma, ambalo kwa akili ya kawaida lilipaswa kuwa duara, limevutika likawa kama yai na kuinamia mbele. Watazamaji waliosimama kando ya barabara, pamoja na nguzo zilizo karibu nao, wameinamia upande wa pili kana kwamba wamesukumwa na upepo. Sehemu ya mbele ya motokaa haimo katika picha, maana imekwisha kupita. Picha hiyo ilipigwa Ufaransa, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na kijana aliyekuwa bado hajafikia umri wa miaka 20.

Kijana huyo ni Jacques-Henri Lartigue, na katika makala haya tumekusudia kuyaeleza maisha yake. Sisi ambao kazi yetu ni uhusiano katika jeshi hushinda na picha mchana kutwa: picha za gwaride, za mazoezi, za viongozi wakikagua vikosi na za askari wakivuna mashamba pamoja na wananchi. Tulipokuwa katika shule ya makadeti tulifundishwa kuandika saa, tarehe na mahali kabla ya kuliandika jambo lenyewe. Baadaye tukaja kufungua masanduku ya picha za zamani ambazo nyuma yake hapakuandikwa neno hata moja, na waliomo ndani yake hakuna aliyeweza kuwataja. Kwa sababu hiyo maisha ya Lartigue yametugusa zaidi ya picha zake, kwa kuwa yanaonyesha namna mtu mmoja alivyoweza kuutunza wakati usipotee, na pia namna yeye mwenyewe alivyoweza kupotoka.

Alizaliwa tarehe 13 Juni, 1894, huko Courbevoie, mji ulio jirani na Paris. Alizaliwa katika majira ambayo motokaa nayo ilikuwa bado mtoto mchanga. Carl Benz wa Ujerumani alikuwa ameandikisha haki ya gari lake lenye magurudumu matatu mwaka 1886, miaka minane tu nyuma. Tena, mwezi mmoja na siku chache baada ya Jacques kuzaliwa, yaani Julai 1894, magari yasiyokokotwa na farasi yalishindana kutoka Paris mpaka Rouen, na shindano hilo wengi hulihesabu kuwa la kwanza la motokaa duniani. Kwa hiyo mtoto huyu na chombo hiki walikua pamoja, mithili ya ndugu wawili waliolelewa katika ua mmoja.

Baba yake, Henri Lartigue, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali nyingi, na katika saa zake za mapumziko alipenda mno kupiga picha. Kaka yake Maurice, ambaye nyumbani aliitwa Zissou, alikuwa mtundu wa kubuni vyombo vya kukimbia na vya kuruka. Jacques mwenyewe alikuwa mdogo, mwembamba na mwenye afya dhaifu. Aghalabu wenzake walipokuwa wakiruka na kuviringika, yeye alikaa pembeni akitazama. Mtu anayezoea kutazama tangu utotoni hujifunza mambo ambayo yule aliyemo katikati ya mchezo hayaoni.

Yasimuliwa kwamba kabla hajapewa kamera alijibunia njia yake ya kunasa mambo. Alikuwa akifumba na kufumbua macho upesi upesi mbele ya kitu alichokipenda, huku akiamini kwamba kwa kufanya hivyo rangi, sauti na harufu za kitu hicho zimekwisha kuingia ndani yake na zitakaa humo daima. Kwa muda akafurahi sana. Kisha akagundua kwamba uwezo huo haupo, na mambo aliyodhani ameyatega yametoroka. Alihuzunika hata akaugua. Wako watakaoicheka habari hiyo, lakini sisi twaona kwamba humo mna kiini cha maisha yake yote. Mtoto huyo alikuwa amekwisha kutambua jambo ambalo wengi wetu hulitambua uzeeni, kwamba siku njema ikipita hairudi, na kwamba kumbukumbu ya mwanadamu ni kikapu chenye matundu.

Mwaka 1902 baba yake alimpa kamera yake mwenyewe. Ilikuwa sanduku la mbao lililosimamishwa juu ya miguu mitatu, nayo ilitumia sahani za kioo zenye ukubwa wa sentimita 13 kwa 18. Kazi ya kamera ya namna hiyo haikuwa nyepesi. Mpiga picha alitazama kwanza katika kioo cha nyuma, ambamo mambo yote yalionekana miguu juu kichwa chini. Kisha akaweka sahani, akafungua lenzi, akahesabu, akafunga. Baada ya hapo aliingia katika chumba chenye giza kuziosha sahani kwa dawa. Mtoto wa miaka minane aliyeweza kuyafanya hayo kwa utaratibu hakuwa mtu wa kubahatisha. Baadaye alipata kamera ndogo zaidi zilizoweza kushikwa mikononi na kunasa jambo linalokwenda mbio, na hapo ndipo mlango wake ulipofunguka.

Alianza na yaliyokuwa karibu naye. Mwaka 1905 alizipanga motokaa zake za kuchezea katika sakafu ya chumba chake, akaiteremsha kamera mpaka chini kabisa, akazipiga picha kana kwamba ni magari makubwa yaliyo tayari kuondoka. Mwaka huo huo alimpiga picha binamu yake akiwa hewani, ameruka kutoka katika ngazi za nje za nyumba huko Paris, sketi yake imefumuka na miguu yake haijagusa chini. Huko Rouzat, katika jimbo la Auvergne, ambako jamaa yake walikuwa na nyumba kubwa ya shamba, Zissou na rafiki zake waliunda vigari vya mbao vyenye magurudumu, wakavishindanisha kwenye mteremko. Jacques alisimama penye kona, mahali ambapo vigari hivyo vilipinduka.

Mwaka huo wa 1905 ulileta jambo jingine. Tarehe 5 Julai mashindano ya Kombe la Gordon Bennett yalifanyika katika barabara za Auvergne, na mshindi wake alikuwa Léon Théry aliyeendesha motokaa ya Richard-Brasier. Jacques, mwenye miaka 11, alikuwapo na kamera yake. Tangu siku hiyo vumbi la mashindano halikumtoka moyoni. Mwaka uliofuata, 1906, Wafaransa waliandaa huko Le Mans shindano lao la kwanza lililoitwa Grand Prix, na kwa miaka kadhaa mashindano hayo yakawa sikukuu ya kila mpenda motokaa.

Hata hivyo lingekuwa kosa kudhani kwamba Lartigue alivutwa na mashindano peke yake. Thamani kubwa ya picha zake imo katika maisha ya kila siku yaliyoizunguka motokaa. Siku hizo kusafiri kwa gari kulikuwa shughuli nzito. Motokaa nyingi hazikuwa na paa wala kioo cha mbele, na barabara za nje ya miji hazikutiwa lami. Kwa hiyo wasafiri walivaa makoti mazito ya manyoya, miwani mikubwa ya kuzuia vumbi, na wanawake walizifunga kofia zao kwa shela zilizozunguka uso mzima. Tairi lilipasuka mara kwa mara, na kila lilipopasuka safari ilisimama, mikono ikapakwa grisi, na mabwana waliovaa nadhifu wakajikuta wamepiga magoti matopeni. Mwaka 1913, akiwa ameketi ndani ya gari lililokuwa likikimbia, alimpiga picha baba yake akiwa kwenye usukani kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Leo mwendo huo ni wa basi la kawaida, lakini kwa watu waliolelewa juu ya magari ya farasi ulikuwa mwendo wa kutisha.

Picha nyingine ya kukumbukwa aliipiga mwaka 1911 katika barabara ya Bois de Boulogne jijini Paris. Mwanamke aliyevaa manyoya na kofia pana anatembea na mbwa wake wawili kwa madaha. Mtu akitazama mavazi tu atapitwa na jambo kubwa, maana nyuma ya mwanamke huyo vinaonekana kwa pamoja gari la farasi na motokaa. Hakuna aliyempa kijana huyo kazi ya kuonyesha kwamba zama moja zinaondoka na nyingine zinaingia. Yeye alikwenda kuwatazama wanawake waliovaa vizuri, na historia ikaingia katika sahani yake pasipo kubisha hodi.

Sasa na tuirudie ile picha ya gurudumu lililoinama, maana wengi wamedhani ni hila au ni ubovu wa kioo. Kamera aliyoitumia ilikuwa na pazia lenye ufa mwembamba, ambao ulipita mbele ya sahani na kuipatia mwanga kipande kwa kipande, wala si yote kwa mara moja. Sehemu ya chini ya gurudumu ilipata mwanga kwanza. Na ufa ulipofika sehemu ya juu, motokaa ilikuwa imekwisha kusonga mbele. Ndiyo sababu gurudumu likainamia kule gari liendako. Wakati huo huo Lartigue alikuwa akiigeuza kamera kuifuata motokaa. Kwa hiyo vitu vilivyosimama, yaani watu na nguzo, vikainamia upande ulio kinyume. Kwa kanuni za ufundi wa siku hizo picha hiyo ilikuwa na kasoro, na ilikaa miaka mingi kabla haijajulikana na watu. Lakini kasoro hiyo ndiyo iliyoufanya mwendo uonekane kwa macho, jambo ambalo picha safi isingaliweza kulifanya.

Vita ilipozuka mwaka 1914, vijana wa Ufaransa waliitwa kwa mamilioni. Lartigue hakuchukuliwa kupigana kwa ajili ya afya yake, lakini alijitolea kuendesha gari lake mwenyewe, akiwachukua madaktari katika hospitali za Paris. Tunalitaja jambo hilo kwa kuwa sisi askari tunajua kwamba vita haiendeshwi na wenye bunduki peke yao. Anayemfikisha daktari kwa majeruhi naye amefanya kazi ya taifa lake. Pia ilikuwa ndiyo vita ambamo motokaa iliacha kuwa pambo la matajiri, ikawa chombo cha kubeba askari, risasi na majeruhi. Baada yake dunia ile aliyoipiga picha Lartigue utotoni haikurudi tena.

Ajabu ni kwamba Lartigue hakujihesabu kuwa mpiga picha. Tangu mwaka 1915 alisomea uchoraji katika chuo cha Julian huko Paris, na kwa maisha yake yote alijitambulisha kwa watu kama mchoraji. Mwaka 1919 alimwoa Madeleine Messager, binti wa mtunzi mashuhuri wa muziki André Messager, na mwaka 1921 wakapata mtoto wa kiume. Ndoa hiyo haikudumu. Mali ya baba yake ilipungua, naye hakutaka kazi ya kuajiriwa. Akaishi kwa kuuza michoro yake, mara nyingine katika hali ya uhaba ambayo hakuizoea. Katika miaka yote hiyo, ya neema na ya dhiki, hakuacha jambo moja: kila siku aliandika katika kitabu chake yaliyotokea, hata hali ya hewa, na picha zake akazibandika katika albamu kwa utaratibu wa miaka. Albamu hizo zilipita 100 kwa idadi, na picha alizoziacha zilipita 100,000.

Mwaka 1962, akiwa na mkewe Florette, alisafiri mpaka Marekani. Baadhi ya picha zake za utotoni zilifika mikononi mwa John Szarkowski, aliyekuwa msimamizi wa picha katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa, New York. Mwaka 1963 jumba hilo likafanya maonyesho ya picha zake. Lartigue alikuwa na miaka 69. Katika mwezi wa Novemba mwaka huo gazeti la Life likazichapa picha zake, na ikasadifu kwamba toleo hilo ndilo lililotoa habari za kuuawa kwa Rais John Kennedy, ambalo lilisomwa na watu wengi kupita kiasi. Kwa njia hiyo, katika juma la msiba, mamilioni ya watu walimjua mzee mmoja wa Kifaransa na motokaa zake za utotoni.

Sifa zikafuata kama mvua za masika. Mwaka 1970 mpiga picha wa Marekani Richard Avedon alimhariria kitabu kikubwa kilichotokana na albamu zake. Mwaka 1974 Rais Valéry Giscard d'Estaing wa Ufaransa alimchagua kupiga picha yake rasmi. Mwaka 1975 Paris nayo ikamfanyia maonyesho makubwa. Na mwaka 1979 Lartigue aliikabidhi serikali ya Ufaransa hazina yake yote, yaani picha, sahani, albamu na vitabu vyake vya kumbukumbu, ili viwe mali ya umma. Alifariki Nice tarehe 12 Septemba, 1986, akiwa na umri wa miaka 92.

Hapana budi sasa tuseme na yale yasiyosemwa mara nyingi. Kwanza, habari zilizoenea zilimfanya aonekane mtoto asiyejua kitu, ambaye picha nzuri zilimwangukia kama embe lililoiva. Wachunguzi waliokuja baadaye wameonyesha kwamba haikuwa hivyo. Alifundishwa na baba aliyeijua kazi, alikuwa na vyombo bora vya wakati wake, na alizitazama picha za magazeti ya michezo akajifunza kwazo. Kumwita mwenye bahati ni kumdhulumu jasho lake.

Pili, dunia aliyoipiga ilikuwa dunia ya wachache. Wale waliokuwa ndani ya magari tunayajua majina yao, hata majina yao ya utani. Lakini wafanyakazi waliozitengeneza barabara, watumishi wa nyumba, na wanakijiji waliosimama milangoni vumbi likiwafunika, wengi wao wamo katika picha za zama hizo bila ya majina. Hatumlaumu kijana wa miaka 11 kwa kuipiga picha nyumba yake mwenyewe. Ila sisi tunaoishi leo tuna wajibu wa kuwauliza pia wale waliosimama pembeni.

Tatu, na hili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Lartigue, aliyeandika kila kitu, aliitambulisha ile picha yake mashuhuri kuwa ni ya mwaka 1912 na motokaa kuwa ni Delage. Ikachapwa hivyo vitabuni kwa miaka mingi. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba ni motokaa ya Théophile Schneider, iliyoendeshwa na René Croquet katika Grand Prix ya mwaka 1913 huko Amiens. Basi ikiwa mtu mwenye albamu zaidi ya 100 aliweza kukosea mwaka na motokaa ya picha yake mwenyewe, itakuwaje kwetu sisi tunaoziweka picha ndani ya bahasha tukajiambia kwamba tutakumbuka? Na tutazame vema kosa hilo lilisahihishwa kwa nini. Lilisahihishwa kwa kuwa nambari 6 ilikuwapo katika motokaa, na kumbukumbu za mashindano zilikuwa zimetunzwa na watu wengine. Kumbukumbu moja ilipoteleza, nyingine iliishika mkono.

Katika nyumba zetu nyingi iko picha ya babu amesimama kando ya lori au basi la kwanza kufika kijijini, mkono ameuweka juu ya boneti kwa fahari, na nyuma yake watoto wamejazana. Picha hiyo haina thamani ndogo kuliko zile za Paris. Kinachopungua ni maneno machache nyuma yake: nani, wapi, mwaka gani, gari la nani, na watoto wale ni akina nani. Wazee wanaoweza kuyajibu maswali hayo bado wapo katika nyumba nyingine, na katika nyingine wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Tunamshauri msomaji ashike kalamu leo, amwendee mzee wake na picha mkononi, aandike anayoambiwa, kisha amwulize na mzee wa pili, ili mmoja akikosea mwenziwe amsahihishe.